Mfumo wa kujifunzia mtandaoni: unafanya nini, na nini si kazi yake

Mwaka wa masomo unapoanza, mwanafunzi mpya wa chuo hukabidhiwa anwani na nywila kadhaa kwa mpigo. Kuna tovuti aliyoombea nafasi, kuna mfumo wa usajili unaompa namba ya kulipia ada na baadaye kumwonyesha matokeo, kuna baruapepe ya chuo, kuna kundi la WhatsApp la darasa, kuna kiungo cha Zoom cha kipindi cha Jumatatu, na katikati ya hayo yote kuna kitu kinachoitwa LMS. Muda si mrefu vyote hivyo hugeuka kuwa "mfumo" tu katika mazungumzo ya kila siku: mfumo umegoma, mfumo haujaleta matokeo, mfumo umekula kazi yangu. Mzazi anayeyasikia hayo kwa simu hubaki na swali lake mwenyewe, ambalo ni la haki kabisa: je, ada ninayolipa ni ya mwanangu kufundishwa na kompyuta?

Tuanze na maana. LMS ni kifupi kinachotumika duniani kote kutaja mfumo wa kusimamia ujifunzaji. Ni programu inayokaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine kupitia mtandao, na walimu na wanafunzi huingia kwa nywila zao kupitia kivinjari cha kompyuta au programu ya simu. Ndani yake kila somo lina ukurasa wake, na anayeuona ukurasa huo ni yule tu aliyeandikishwa katika somo hilo. Hapo mwalimu huweka maandiko na video, hutoa kazi na kupangia tarehe ya kuzipokea, hutunga majaribio, hufungua jukwaa la kuulizana na kujibizana, na hurekodi alama pamoja na maoni yake juu ya kazi ya kila mmoja.

Mfumo huu unafanana na jengo la soko. Halmashauri hujenga vizimba, huweka geti, huajiri mlinzi na kuamua saa za kufungua na kufunga, lakini nyanya haziletwi na jengo. Wauzaji wasipofika, soko ni paa na sakafu tu. Kadhalika LMS hutoa nafasi, utaratibu na kumbukumbu, ilhali mafundisho yenyewe huletwa na mwalimu, na jitihada huletwa na mwanafunzi. Sehemu kubwa ya lawama na ya sifa ambazo mfumo huu hupewa hutokana na kusahau tofauti hiyo.

Mkanganyiko ulio mkubwa kuliko yote ni kati ya LMS na mfumo wa usajili na matokeo, ule ambao katika vyuo vingi vya Tanzania umezoeleka kwa majina kama SARIS au ARIS. Mfumo wa usajili ni daftari rasmi la chuo: nani amesajiliwa, amelipa kiasi gani, amefaulu nini. Alama zinazoonekana katika LMS ni za kazi na majaribio ya muhula, na mara nyingi mwalimu bado anaweza kuzisahihisha. Matokeo ya mwisho hupita kwenye vikao vya idara na bodi za chuo kabla ya kuingizwa katika daftari rasmi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeona alama 34 kati ya 40 kwenye LMS hajapata matokeo, na yule asiyeona chochote hajafeli. Anayetaka kulalamikia alama ya jaribio aende kwa mwalimu wa somo, na mwenye tatizo la ada aende ofisi ya fedha. Fundi wa LMS hana uwezo wa kutatua lolote kati ya hayo mawili.

Zoom na programu za aina yake ni vyumba vya mikutano. Mkutano ukiisha, kisichorekodiwa kimepotea. WhatsApp nayo ina faida kubwa kwa matangazo ya haraka, maana kila mtu yumo, lakini haikutengenezwa kupokea kazi za wanafunzi 200 na kujua nani ameleta na nani bado. Swali la msingi kuhusu somo likiulizwa humo saa tatu usiku, kufikia asubuhi limezikwa chini ya salamu na picha. Maktaba mtandao, kama ile ya Taasisi ya Elimu Tanzania yenye vitabu vya kiada, ni kitu kingine tena, kwa sababu maktaba humpa msomaji kitabu bila kumuuliza kama amekielewa. Taasisi hiyohiyo ina LMS iliyo tofauti na maktaba, inayotumiwa na walimu katika mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA.

Wengi hudhani mambo haya yaliletwa na korona. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kilianzisha PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta kubwa iliyounganishwa na vituo vya wanafunzi. Katika miaka ya 1990 ikaja mifumo ya kwenye wavuti: WebCT katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na Blackboard iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997. Agosti 2002 Martin Dougiamas wa Australia akatoa toleo la kwanza la Moodle, ambayo ndiyo LMS ambayo wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hukutana nayo, ingawa wengi huijua kwa jina ambalo chuo chao kimeipachika. Dougiamas alikulia katika jangwa la magharibi mwa Australia na kusoma shule kwa masafa kupitia redio, mwalimu akiwa mamia ya kilomita kutoka kwake, na nadhani historia hiyo inaonekana katika mfumo alioutengeneza, unaotoa nafasi kubwa kwa mazungumzo kati ya watu walio mbalimbali. Google Classroom ilifuata mwaka 2014. Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianza kufundisha kwa masafa mwaka 1994, kikitegemea vitabu vilivyochapishwa na vituo vya mikoa, na leo masomo yake yanapatikana kupitia Moodle.

Korona iliwalazimisha watu kuitazama mifumo hii kwa jicho jipya. Tanzania ilifunga shule na vyuo Machi 2020 na kufungua vyuo Juni mosi mwaka huohuo, wanafunzi wote wa Kenya walirejea Januari 2021, na shule za Uganda zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Katika kipindi hicho wengi walijifunza maana ya "kusoma mtandaoni" katika hali ya dharura, kwa walimu ambao hawakuwa na muda wa kuandaa chochote zaidi ya kupiga picha daftari na kuituma. Si haki kuupima mfumo kwa yaliyofanyika katika miezi ile.

Faida yake halisi iko wapi

Ukiingia katika kurasa za masomo mengi leo, utakuta orodha ya mafaili: Mada ya 1, Mada ya 2, Mada ya 3. Kwa matumizi hayo LMS haina tofauti kubwa na duka la kurudufu nje ya geti la chuo. Naamini thamani yake iko katika mrejesho, yaani jibu analolipata mwanafunzi baada ya kujaribu, na hapo inafaa tutazame kwa karibu.

Chukua mkufunzi wa chuo cha uuguzi anayefundisha kukokotoa kasi ya dripu. Anatunga swali: mgonjwa apewe mililita 500 za maji kwa saa 4, na seti ya dripu inatoa matone 20 kwa kila mililita. Matone mangapi kwa dakika? Jibu sahihi ni 500 mara 20, gawanya kwa dakika 240, yaani takribani matone 42. Katika Moodle mkufunzi anaweza kuagiza mfumo ukubali 41 hadi 43, ili aliyekadiria kidogo asionewe. Lakini hilo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba anaweza kutabiri makosa. Mwanafunzi anayeandika 2,500 amegawanya kwa saa 4 badala ya dakika 240, na anayeandika 2 amesahau kuzidisha kwa matone 20. Mkufunzi mzoefu anayajua makosa haya kwa sababu ameyasahihisha kwa kalamu nyekundu miaka nenda miaka rudi. Kwa kila moja anaandika maelezo mafupi: "Umegawanya kwa saa. Matone huhesabiwa kwa dakika; badilisha saa kuwa dakika kisha ujaribu tena." Mwanafunzi akikosea saa nne usiku akiwa bwenini, anapata maelezo hayo papo hapo, anarudia, na namba zinaweza kubadilishwa katika kila jaribio ili asikariri jibu la mwenzake.

Kilichomsaidia mwanafunzi yule ni uzoefu wa mkufunzi, uliowekwa mahali ambapo unaweza kumfikia kila mmoja katika darasa la watu 150 kwa wakati anaouhitaji. Kompyuta haikujua lolote kuhusu dripu. Mkufunzi asiyejua wanafunzi wake hukosea wapi hawezi kuandika maelezo yale, na mfumo hauwezi kumwandikia. Hilo ndilo jibu kwa mzazi aliyeuliza kama mwanawe anafundishwa na kompyuta.

Ni kweli pia kwamba kazi hii ina gharama kwa mwalimu. Kutunga maswali 30 ya namna hiyo huchukua muda mrefu kuliko kuandika mtihani wa karatasi, na malipo yake huonekana katika mwaka wa pili na wa tatu, maswali yanapohifadhiwa katika benki ya maswali na kutumika tena kwa marekebisho madogo. Chuo kinachomtaka mwalimu aweke somo lake mtandaoni bila kumpunguzia mzigo wa vipindi kwa muhula mmoja kisishangae kikipata orodha ya mafaili.

"Mfumo umekula kazi yangu"

Lalamiko hili husikika kila muhula, na mara nyingi lina maelezo yanayoeleweka. La kwanza ni rasimu. Katika Moodle mwalimu anaweza kuweka sharti kwamba mwanafunzi, baada ya kupakia faili, abofye kitufe cha pili cha kuwasilisha rasmi. Asiyebofya, faili lake hubaki likiwa rasimu. Limo ndani ya seva, halijapotea, ila kwenye orodha ya mwalimu linaonekana kuwa halijawasilishwa. Dawa yake ni kusoma hali ya kazi kwenye ukurasa baada ya kupakia, na kupiga picha ya skrini inayoonyesha kwamba imewasilishwa pamoja na saa yake.

La pili ni tarehe. Mfumo una tarehe mbili zinazofanana machoni. Moja ni ya mwisho wa muda uliopangwa, ambayo ikipita bado unaweza kuwasilisha, ila kazi hupigwa alama ya kuchelewa. Nyingine ni ya kufunga mlango, ambayo ikipita hakuna kinachopokelewa. Mwalimu anaweza kuweka zote mbili, au moja tu, kwa hiyo mwanafunzi aulize mapema.

La tatu huwakuta hasa watu waliokulia katika saa za Kiswahili. Mfumo ukiandika Ijumaa tarehe 15, saa 00:00, wengi huelewa kwamba wana siku nzima ya Ijumaa mpaka usiku. Lakini 00:00 ya Ijumaa ni saa sita ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Alhamisi usiku mlango umeshafungwa. Walimu waliowahi kupokea simu za asubuhi kuhusu jambo hili hupanga 23:59, na ingekuwa vizuri vyuo vifanye hivyo kuwa kanuni.

Yako pia matatizo ambayo kweli ni ya mfumo. Seva iliyonunuliwa kwa ajili ya watu 500 kwa wakati mmoja itasuasua watu 3,000 wakiingia pamoja dakika tano kabla ya muda kuisha, na hilo si kosa la mwanafunzi yeyote. Masomo makubwa yakipangiwa siku tofauti za kuwasilisha, msongamano hupungua bila kununua chochote.

Bando, simu na shule zisizo na mtandao

Kikwazo cha kweli kwa wanafunzi wengi ni gharama ya bando, na hapa mwalimu ana uwezo kuliko anavyodhani. Kurasa 40 zilizopigwa picha au kuskaniwa na kuunganishwa kuwa faili moja zinaweza kufika makumi ya megabaiti, ilhali maandishi hayohayo yakichapwa kwa kompyuta hayafiki hata megabaiti moja. Mhadhara wa saa nzima wa video unaweza kugawanywa vipande vya dakika saba au nane, mwanafunzi akapakua anachokihitaji tu, au ukatolewa kwa sauti pekee pale ambapo picha haiongezi kitu. Programu ya simu ya Moodle humruhusu mwanafunzi kupakua maandiko akiwa penye Wi-Fi, kuyasoma bila mtandao, na hata kufanya baadhi ya majaribio bila mtandao ikiwa mwalimu ameruhusu. Majibu hupelekwa simu inapounganishwa tena. Wanafunzi wengi hawajaambiwa hivyo na yeyote.

Shuleni hali ni tofauti. Shule nyingi za sekondari, hasa za bweni, haziruhusu wanafunzi kumiliki simu, kwa hiyo mfumo unaomtaka kila mtoto awe na kifaa chake mfukoni hauna pa kushika. Kinachofaa zaidi huko ni mfumo unaokaa ndani ya shule. Kolibri, programu huria ya shirika la Learning Equality, ilitengenezwa kwa hali hiyohiyo: masomo hupakiwa mara moja kwenye kompyuta moja, ambayo inaweza kuwa ndogo ya ukubwa wa kiganja, na kompyuta nyingine au vishikwambi vya chumba hicho huungana nayo kwa Wi-Fi ya ndani bila intaneti yoyote. Ina menyu za Kiswahili, na mwalimu huona kila mwanafunzi amefika wapi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 nchini Tanzania viligawiwa walimu baadaye, na matumizi ya namna hii ni miongoni mwa yale yanayoweza kuvifanya viwe na kazi zaidi ya kujaza taarifa.

Mambo manne yanayosemwa

Husemwa kwamba Moodle ni ya bure, kwa hiyo chuo hakina sababu ya kudai fedha za TEHAMA. Leseni yake ni ya bure kweli, na yeyote anaweza kuichukua na kuibadilisha. Hata hivyo seva, umeme wa akiba, nakala za kila siku za taarifa, mtandao na mishahara ya mafundi si vya bure. Swali la kumuuliza mkuu wa chuo ni kama fedha hizo zinakwenda huko.

Husemwa pia kwamba mfumo unamchungulia mwanafunzi kwa kamera. LMS yenyewe haifanyi hivyo. Programu za kusimamia mitihani kwa kamera ni kitu cha pembeni, kinachoongezwa kwa uamuzi wa chuo, na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa. Kinachorekodiwa na LMS ni nyayo: umeingia saa ngapi, umefungua ukurasa gani, umewasilisha lini. Nyayo hizo ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na vyuo havimo nje ya sheria hizo. Walimu nao wazisome nyayo kwa uangalifu, kwa maana kufungua ukurasa si kuusoma, na aliyepakua faili mara moja akalisoma wiki nzima kwenye simu ataonekana mvivu kuliko aliyebofya mara kumi bila kusoma chochote.

La tatu ni kwamba LMS hukamata walionakili. Asilimia ya mfanano inayoonekana kwenye baadhi ya kazi hutolewa na programu nyingine, kama Turnitin, iliyounganishwa na mfumo. Huonyesha maneno yaliyolingana na maandiko mengine, yakiwamo manukuu halali na orodha ya marejeo kama hayakuondolewa kwenye hesabu. Asilimia 30 inaweza kuwa kazi safi na asilimia 8 ikawa aya nzima iliyoibwa. Lazima mtu asome.

La nne ni kwamba mifumo hii ni kwa ajili ya wanaosoma kwa masafa. Mfano wa dripu hapo juu ni wa darasa la ana kwa ana. Mkufunzi anayeona usiku kwamba theluthi ya darasa imegawanya kwa saa badala ya dakika anajua asubuhi aanzie wapi ubaoni.

Limebaki jambo moja ambalo wanafunzi hulitambua wakati umeshapita. Vyuo vingi hufunga kurasa za somo muhula unapoisha au mwanafunzi anapohitimu, na nywila ya chuo hukoma kufanya kazi. Maoni ya mwalimu kwenye kazi zako, majadiliano ya jukwaani na kazi zenyewe havitakufuata. Vipakue na kuvihifadhi kabla ya wiki ya mwisho ya mitihani, na kama chuo chako hakijatangaza tarehe ya kufunga kurasa, mwandikie mratibu wa mafunzo mtandaoni kwa baruapepe umuulize, kwa kuwa jibu la maandishi linaweza kukufaa baadaye.